Cheche kwenye plagi ya betri: maswali ya wenye magari ya rimoti

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazungumzia kitu kimoja, ile cheche inayoruka unapochomeka betri ya lipo (lithiamu polima) kwenye gari la rimoti la umeme. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linaifungua nyingine. Kwa mgeni: 2S, 4S na kadhalika ni idadi ya seli za betri zilizoungwa kwa mfuatano, na 1/10 au 1/8 ni ukubwa wa gari ukilinganishwa na gari halisi.

SWALI: Nilikuwa na gari dogo la 1/10 la betri ya 2S. Sasa nimehamia gari la 1/8 lenye kidhibiti mwendo kikubwa na betri ya 4S. Kila nikichomeka plagi inalia "ta!" na cheche ya buluu inaruka, ingawa swichi ya gari nimeizima. Je, kuna shoti mahali? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakuna shoti, ndugu. Unachokiona ni kapasita zikijazwa.

Tazama kidhibiti mwendo chako, kile kisanduku kilichoandikwa ESC. Pembeni au mgongoni utaona silinda mbili, tatu, wakati mwingine nne. Hizo ni kapasita, na kazi yake ni kutuliza umeme, kwa kuwa kidhibiti hukata na kuachia umeme wa mota maelfu ya mara kila sekunde. Zimeungwa moja kwa moja kwenye zile nyaya nene, nyekundu na nyeusi. Swichi ndogo ya gari haiwezi kubeba ampea mia, kwa hiyo haikupewa kazi ya kukata umeme wa betri. Inaamsha na kulaza ubongo wa kidhibiti tu. Izime au iwashe, kapasita zitaonana na betri mara tu plagi zinapogusana.

Kapasita tupu, katika kitambo kile cha kwanza, haina tofauti na kipande cha waya kilichounganisha chanya na hasi. Betri ya 4S iliyojaa ina volti 16.8. Ukinzani wa betri nzuri, nyaya na kapasita kwa jumla unaweza kuwa kama omu 0.03 tu. Gawanya 16.8 kwa 0.03 upate ampea 560. Nyaya zenyewe hupunguza kilele hicho kidogo, lakini bado ni mamia ya ampea yakipita kwenye ncha ya chuma iliyogusa kwa upana wa sindano. Hudumu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ila muda huo unatosha kuyeyusha chembe ya chuma, na hiyo ndiyo cheche.

Kwa nini gari la zamani halikufanya hivi? Lilifanya, ila kidogo. Nishati inayoingia kwenye kapasita ni nusu ya ujazo wake ukizidisha na mraba wa volti. Chukua kapasita za jumla ya mikrofaradi 1000: kwa 2S iliyojaa ni jouli 0.035, kwa 4S ni 0.14, kwa 8S ni 0.56. Volti zikiongezeka mara mbili, cheche inanenepa mara nne. Na wewe umeongeza volti pamoja na kapasita kwa mpigo mmoja.

Betri haiumii kwa tukio fupi namna hiyo, na kidhibiti kizuri kimeundwa kulistahimili. Kinacholiwa ni plagi. Kwa sasa chomeka kwa mkupuo mmoja, imara, bila kusitasita. Anayeogopa na kusukuma polepole hupata cheche tatu au nne badala ya moja, maana plagi inagusa na kuachia kabla haijakaa.

SWALI: Nikichomoa betri na kuichomeka tena papo hapo, cheche haitokei. Kuna kilichoharibika? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hapana. Kapasita bado zimejaa, kwa hiyo hazina njaa ya umeme. Ukitaka kuzimaliza, betri ikiwa imechomolewa bonyeza swichi ya kuwasha: taa ya kidhibiti itamulika kidogo kisha itazimika. Fanya hivyo kabla ya kushika pasi ya kulehemu au kukata nyaya, na usiache ncha za plagi ya gari ziguse pete au bisibisi, kwani umeme uliobaki humo hutoa cheche yake wenyewe.

SWALI: Nimesikia kuna plagi zisizotoa cheche. Zinafanyaje kazi, na je, naweza kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa rezista za kawaida? Gari langu ni 6S. *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Zipo, na kwa 6S tunakushauri usikae bila moja ya njia hizi mbili. Msimamo wetu ni huu: 2S haihitaji chochote, 3S ni hiari, 4S yenye kapasita kubwa inafaa kuilinda, na kuanzia 6S kwenda juu ni lazima kama unataka plagi zidumu.

Plagi inayopatikana kirahisi zaidi ni XT90-S, ndugu ya XT90 ya kawaida yenye pini za milimita 4.5. Utaitambua kwa alama ya kijani. Ndani ya upande mmoja kuna rezista ya karibu omu 5.6. Ukisukuma plagi nusu njia, pini hugusa kwanza pete iliyoungwa na rezista hiyo, kapasita zinajaa taratibu kupitia humo, na ukimalizia kusukuma pini inafika kwenye mguso mkuu na rezista inakuwa imepitwa. Kwa 6S iliyojaa, volti 25.2, umeme wa mwanzo unashuka hadi ampea 4.5.

Wengi wanaolalamika kwamba "XT90-S haisaidii" wanaichomeka kwa pupa. Sukuma hadi uhisi kizuizi cha kwanza, hesabu sekunde moja, kisha malizia. Kidhibiti kiwe kimezimwa muda wote huo, kwani kikiamka nusu njia kitaanza kunywa umeme kupitia rezista, volti zitaanguka, na rezista itachemka.

Kabla ya kununua, angalia ni upande gani wa plagi wenye rezista. Ukikuta ni upande wa betri, hulazimiki kubadilisha plagi za betri zote ulizonazo. Tengeneza waya mfupi wa kati: upande mmoja XT90 ya kawaida inayoingia kwenye betri, upande wa pili XT90-S inayopokea plagi ya gari. Waya huo uchomeke kwenye betri kwanza, wakati huo hakuna mzunguko na hakuna cheche, kisha unganisha gari. Tumia waya wa silikoni wa namba 10 au 12, usiozidi sentimita 8. Kuurefusha upande wa betri kunazichosha kapasita. Kama mpangilio wa gari lako unadai urefu, urefushe upande wa mota.

Wakati wa kulehemu XT90-S, chomeka plagi mwenzake ili pini zisipinde plastiki ikilainika, tumia pasi ya wati 60 hadi 100, na umalize haraka. Kushikilia pasi ndogo kwa dakika nzima ndiko kunakoiua ile rezista ndani. Ikifa hutaona dalili yoyote ila cheche kurudi. Unaweza kuipima kwa mita ya umeme: kati ya pete ya mwanzo na kikombe cha kulehemu upate karibu omu 5 au 6. Mita isiposoma kitu, rezista imekatika.

Sasa hiyo ya kujitengenezea. Nunua rezista ya omu 10, wati 5, ya waya uliosokotwa ndani ya saruji nyeupe. Luthuli Avenue utaipata, Kariakoo vilevile, na zimejaa kwenye saketi za televisheni kuukuu za chogo. Usitumie zile nyembamba za kaboni za robo wati. Tengeneza kijiunganishi kifupi chenye plagi sawa na zako ncha zote mbili: waya mweusi upite moja kwa moja, mwekundu upitie kwenye rezista, kisha funika kila kiungo kwa mpira wa kusinyaa. Plagi zichague kwa namna ambayo ncha za upande uliounganishwa na betri hazibaki uchi.

Matumizi yake: kidhibiti kimezimwa, unganisha betri na gari kupitia kijiunganishi hicho, subiri sekunde moja, kichomoe, halafu papo hapo chomeka betri moja kwa moja kwenye gari. Kapasita zimeshajaa, na cheche haipo au ni kijicheche kisichoonekana mchana. Kwa omu 10 na kapasita za mikrofaradi 2000, kujaza kunakamilika ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo sekunde nzima ni ya kujihakikishia.

Wasomaji huuliza kwa nini wati 5 zinatosha wakati volti 25.2 kwenye omu 10 ni zaidi ya wati 60. Zinatosha kwa sababu ni kwa kitambo tu. Jumla ya joto ni ileile iliyokuwa inateketea kwenye ncha ya plagi, kwa mfano wetu jouli 0.64, sasa inatawanyika ndani ya mwili wa rezista. Rezista ikichemka au ikitoa moshi baada ya sekunde moja, chomoa: mbele yake kuna kitu kinachokula umeme mfululizo, na kitu hicho si kapasita.

SWALI: Gari langu ni Traxxas X-Maxx, betri mbili za 4S. Ya kwanza naichomeka bila cheche, ya pili inalipuka kama fataki. Je, betri ya pili ndiyo mbovu? *Msomaji, Muscat*

JIBU: Badilisha mpangilio, anza na hiyo unayoishuku, na utaona cheche imehamia kwa mwenzake. Betri hizo mbili zimeungwa kwa mfuatano. Unapochomeka ya kwanza mzunguko bado uko wazi, umeme hauna pa kwenda. Ya pili ndiyo inayofunga mlango, na inaufunga kwa volti za zote mbili, 33.6 zikiwa zimejaa.

Faida yake ni kwamba kinga ya cheche unaihitaji mahali pamoja tu, ilimradi mahali hapo pawe pa mwisho kuunganishwa kila mara. Weka alama ya rangi ili usisahau. Betri zenyewe ziwe pacha: ujazo mmoja, umri mmoja, na zimejazwa sawa. Iliyochoka itafika chini kabla ya mwenzake na kuendelea kunyonywa.

SWALI: Kidhibiti changu kiliingia maji. Nilipochomeka betri, cheche ilikuwa kubwa kuliko kawaida, plagi ikaanza kushikana na nikasikia harufu. Nilichomoa haraka. Naogopa kujaribu tena. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Umefanya vyema kuogopa. Cheche ya kapasita ni mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Inayoendelea kuchemka, inayoshikanisha chuma, inayokuja na harufu, hiyo ni shoti. Mara nyingi ni transista za kidhibiti zilizopasuka ndani na kuunganisha chanya na hasi.

Usipime kwa betri. Kausha kidhibiti vizuri, kisha weka mita kwenye omu, ncha nyekundu kwenye chanya ya plagi ya gari na nyeusi kwenye hasi. Kidhibiti kizima kitaanza na namba ndogo inayopanda kadiri betri ya mita inavyozijaza kapasita. Namba ikikaa karibu na sifuri bila kupanda, kimekufa.

Kikifaulu hapo, kuna kipimo cha pili tunachokipenda kwa sababu hakigharimu kitu: balbu ya indiketa ya gari, ya wati 21. Iunge kwenye waya mwekundu kati ya betri na kidhibiti kilichozimwa. Kwa 2S na 3S tumia balbu ya volti 12, kwa 4S na 6S tumia ya volti 24 ya lori. Balbu ikimulika mara moja na kuzima, au isipomulika kabisa, kapasita zimejaa na njia ni salama. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna shoti, na balbu imekuokolea betri kwa sababu haiwezi kupitisha zaidi ya ampea moja au mbili.

Angalia pia vichwa vya kapasita. Vikiwa vimevimba au vimetoa majimaji, badilisha kwa ujazo uleule na volti zisizo chini ya za mwanzo. Tumeona swali la mtu aliyeweka kapasita za volti 16 kwenye gari la 4S. Betri iliyojaa peke yake inazipita.

Na kuna kosa linalofanana kwa sura lakini kubwa kuliko yote, nalo ni kugeuza chanya na hasi wakati wa kulehemu plagi mpya. Hapo kapasita hupasuka na transista hugeuka njia ya wazi ya umeme. Rangi za nyaya si ushahidi. Pima kila plagi mpya kwa mita kabla ya kuichomeka mara ya kwanza.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12 na huchomeka betri za gari lake chumbani, karibu na kitanda. Nikiziona zile cheche moyo unaruka. Zinaweza kuwasha moto? *Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

JIBU: Mama, cheche yenyewe ni chembe ndogo inayopoa kabla haijafika mezani, na haitawasha shuka. Inachoweza kuwasha ni mvuke. Dawa za kupuliza za kusafishia breki na mota, petroli, spiriti, na mafuta ya magari ya nitro yenye methanoli, vyote hutoa mvuke unaoshika moto kwa cheche ndogo kuliko hiyo. Gari lililotoka kusafishwa kwa dawa hizo lisiunganishwe na betri mpaka likauke kabisa, na mahali pawe wazi. Hili mwambie kwa ukali, kwa sababu watoto hupenda kusafisha na kujaribu hapo hapo.

Hatari ya nyumbani iliyo kubwa zaidi ni betri yenyewe. Iliyovimba, iliyotobolewa au iliyopondwa haichomekwi popote, wala kwenye gari wala kwenye chaja, na haikai ndani ya nyumba. Kujaza betri kufanyike sakafuni au juu ya kigae, mtu mzima akiwepo, si kitandani na si usiku watu wamelala. Gari la umri wake likiwa la 2S, au la betri za kawaida za NiMH za volti 7.2, cheche itakuwa ndogo sana au isionekane kabisa. Tungemwacha na hizo kwa sasa.

SWALI: Ncha za plagi zangu zimekuwa nyeusi. Nizipige msasa? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Msasa usiuguse. Utaondoa ngozi ya dhahabu iliyopakwa juu, na kwa hewa yenye chumvi kama ya kwenu chuma cha chini kitaanza kupata kutu ya kijani mapema. Chukua pamba ya masikioni na spiriti safi, futa ndani na nje, acha ikauke.

Weusi wa nchani peke yake usikutishe. Kwenye pini za mviringo kama za XT90 na EC5, cheche hula ncha, na umeme wa kazi hupita ubavuni kwenye chemchemi za pini. Plagi bapa zenye umbo la T hazina bahati hiyo, kwa kuwa cheche hutua karibu na uso uleule unaobeba umeme. Kipimo cha kweli ni joto. Endesha dakika 5 kwa kasi, simamisha, shika plagi. Isiposhikika, ibadilishe. Ukinzani wa omu 0.005 tu, mota ikivuta ampea 80, unazaa wati 32 za joto, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyofichwa ndani ya plastiki. Ndiyo maana plagi zilizoachwa hivyo hufikia kuyeyusha risasi iliyozilehemu.

SWALI: Cheche kubwa kuliko zote niliiona nikiwa na chaja, si gari. Nilikuwa nimeshachomeka waya kwenye betri, zile pini mbili za upande wa chaja zikagusana. Utaratibu sahihi ni upi? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Hiyo ilikuwa shoti kamili ya betri, na haina kapasita ya kuizuia baada ya kujaa. Ingeendelea mpaka kitu kikatike. Utaratibu ni huu: pini za waya huchomekwa kwenye chaja kwanza, betri baadaye. Kuchomoa ni kinyume, betri kwanza, pini za chaja mwisho, au ziache huko huko daima. Kanuni hiyohiyo ipo kwa betri za sanduku gumu zenye matundu ya pini za milimita 4 au 5 juu yake: waya ukiwa na plagi nyingine upande wa pili, ncha zilizo uchi zisibaki zinaning'inia zikiwa na umeme.

Kama unajaza betri kadhaa kwa pamoja kwenye ubao wa sambamba, cheche ya hapo nayo ina maana yake. Betri iliyojaa inamwaga umeme ndani ya ile tupu. 3S moja ikiwa na volti 12.6 na nyingine 11.1, tofauti ni volti 1.5, na ukinzani wa zote mbili ukiwa omu 0.02, ni ampea 75 zinazopita bila chaja kujua. Pima kwanza, na usiziunganishe kama tofauti inazidi volti 0.1 kwa kila seli. Anza na plagi nene, ngoja dakika chache zilingane, ndipo uchomeke zile nyaya nyembamba za kusawazisha. Ukianza na hizo nyembamba, ampea zote zitapita humo, na ni nyembamba mno kuzibeba.